Dada Taa na Mwaka Niliomkimbia Mkwe Wangu

Zuhura alikuja kunihani wiki chache baada ya baba mkwe wangu kuzikwa. Kwenye begi lake, chini ya mchele na sukari aliyoleta kama ada, alikuwa ameviringisha mashine ya gemu ya mwanawe kwa taulo. "Usinikodolee macho, Subi," aliniambia. "Pole nimekupa, kulia tumelia. Sasa washa hiyo tivii. Dada Taa amefufuka." Mimi ni mama wa makamo, nina duka la pembejeo Tukuyu mjini. Wakulima wa Isongole hunisimamisha njiani kuniuliza dawa ya viazi vinavyoungua kwa ukungu, nami huwajibu bila kupepesa macho. Lakini Zuhura alipochomeka waya na ule muziki ukaanza, kinanda kilekile cha polepole ila sasa kimezungukwa na vyombo vingine vingi, viganja viliniloa jasho. Nilisogeza kiti mpaka mgongo ukagusa ukuta. Niseme mapema ili msomaji asije akanidai ushujaa: mimi ni mwoga, nimezaliwa hivyo, na gemu ile niliipenda kwa sababu ndiyo pekee niliyowahi kuiona iliyotengenezwa kwa ajili ya waoga.

Jina lake la kweli hatukulijua. Ile CD ilikuwa ya kunakili, juu yake pameandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito, na maandishi ya ndani yalikuwa ya nchi ambayo lugha yake hakuna mtu Tukuyu aliyeisoma. Tulichoona ni mwanamke mwembamba mwenye taa ya mkononi, ndiye tuliyemwita Dada Taa, ameingia kwenye jumba kubwa lililojaa maji mpaka magotini, anamtafuta mtu. Zuhura alisema anamtafuta mdogo wake, mimi nilisema mume, na kwa kuwa hatukuwahi kufika mwisho, kila mmoja alibaki na hadithi yake. Alikuwa anaruka, anapanda kuta, anasukuma mawe makubwa, ana upinde na mishale michache ya kuulia popo. Ila ndani ya jumba alikuwemo pia mwenyewe wa jumba, ambaye sisi tulimwita Mwenye Nyumba. Huyo hakuonekana kamwe. Alisikika tu: funguo zinagongana kiunoni, maji yanachapwa taratibu, hana haraka, kwake ni kwake. Mishale haikumdhuru. Ukimsikia unazima taa, unajibanza nyuma ya nguzo, unaacha kubonyeza chochote, unasubiri apite. Akikukuta, kioo kinakuwa cheusi na unaanza upya tangu mlangoni, kwa sababu memori kadi hatukuwa nayo. Ndiyo maana vyumba vya mwanzo vya jumba lile nilivijua kuliko nilivyoijua nyumba niliyoolewa, na vya mwisho sikuwahi kuviona.

Tulichezea nyuma ya duka la vitambaa la baba yake Zuhura, karibu na soko. Familia yao ilitoka pwani zamani, lakini Zuhura alizaliwa hapahapa na tulisoma pamoja. Baba yake alikuwa ameweka pleisteshen mbili kwenye chumba cha nyuma, na vijana wa mjini walishinda humo mchana kutwa wakicheza mpira na kutukanana. Ijumaa adhuhuri aliwatoa wote, akafunga mlango wa mbele, akaenda msikitini, na hapo ndipo chumba kilipokuwa chetu. Nilikuwa nimetoka Kisondela, kijiji nilikoolewa, asubuhi na beseni la parachichi. Nikishamaliza kuuza, naingia kwa mlango wa uani. Palinukia vitambaa vipya na soksi za vijana, na juu yake tangawizi, maana mama yake Zuhura hakukubali mgeni akae bila chai. Alituletea vitumbua kwenye sahani ya bati, akasimama mlangoni na sahani yake mwenyewe, akatazama kioo. "Na huyu binti naye," alisema kila wiki, "giza lote hilo, maji yote hayo, kwao hakuna wa kumwambia arudi?" Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati mpaka tukalazimika kusogeza masikio karibu na tivii. Zuhura alikuwa na vidole vyepesi, lakini hakuwa na masikio. Alikamatwa kila mara. Mimi sikukamatwa, naye alinitania kuwa nimeolewa na yule Mwenye Nyumba.

Hakujua alivyokuwa karibu na ukweli. Nilikuwa nimeolewa mwaka uliotangulia. Mume wangu, Ipyana, alifanya kazi kwenye mashamba ya chai na alirudi nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe, na baba mkwe, ambaye jina lake silitaji na hapa sitaliandika. Kwetu Unyakyusani mke hamtazami baba wa mumewe. Hali naye, haketi naye, hapiti naye njia moja. Akimsikia anakuja, anaacha njia na kugeukia migomba mpaka apite. Tunaita kutila. Mjini wengi walikuwa wamelegeza hata siku zile, na mchungaji wetu alishasema si lazima, lakini ile ilikuwa kaya ya watu wa zamani na ilifuata kama ilivyo. Yeye naye alikuwa na wajibu wake, nao ulikuwa kukohoa. Akikaribia nyumba, akikaribia jiko, akikaribia kisima, alikohoa tangu mbali ili nipate nafasi ya kutoweka.

Miezi michache baada ya ndoa, mvua ilimeza kikohozi chake. Tulikutana kwenye kona ya kisimani. Niliinama upesi, sikuona uso, niliona mabuti yake tu yenye matope, yamesimama ghafla. Wiki ileile mimba yangu ya kwanza ikatoka. Hospitalini walisema hutokea, wengi huwapata, nisiogope. Mama mkwe hakusema walivyosema hospitalini. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia mbalaga, ndizi zilizoiva laini kwenye maziwa, akanilisha kwa mkono wake, na kwa upole uleule wa kulisha akaniambia: "Mwanangu, tumbo la nkamwana lina macho. Wewe ukimwona taata, nalo linamwona." Nkamwana ni mke wa mwana, yaani mimi; taata ni baba, yaani mkwe wangu. Sikumchukia kwa maneno yale, na sijawahi. Aliyasema kama mtu anayekuonyesha shimo lilipo. Mwanzoni mwa mwaka huu ninaousimulia nikashika mimba tena. Basi hofu yangu yote ilikuwa hiyo moja: nisimwone, asinione, mtoto abaki.

Ndiyo maana masikio yangu yalikuwa makali mbele ya ile tivii. Nyumbani nilijua kikohozi cha mgombani na kikohozi cha uani, nilijua mlango gani unalia na jani gani kavu likikanyagwa ni lake. Nilipika nikiwa nimegeuzia moto ubavu ili nione njia. Lakini kilichonitisha kuliko kikohozi kilikuwa swali. Kila alipotoka shambani, akiwa bado nyuma ya uzio, nilimsikia akimwuliza mama mkwe kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini: yuko wapi? Siku zote hilo kwanza, kabla ya salamu, kabla ya kuomba maji. Yuko wapi? Mama mkwe akamjibu kwa sauti ya chini pia, nami nyuma ya ukuta wa jiko nikashika tumbo kwa mikono yote miwili. Niliamini ananitafuta. Niliamini ananidai ile mimba ya kwanza, mjukuu wake, na kwamba siku moja hatakohoa.

Sasa nikae kidogo kwenye hii gemu mpya, maana Zuhura alitaka nimwambie ukweli wangu na mimi sitoi ukweli nusu. Maji yamekuwa maji. Zamani yalikuwa kama bati la buluu linalotikisika. Sasa yanabeba mwanga wa taa, yanaingia nguoni, ukisimama yanatulia. Kuruka, ambako zamani kulitaka dua, sasa ni raha. Dada Taa mwenyewe amepewa uso wa mtu anayefikiri. Nimeshamwona akiharibiwa, kwa hiyo nashukuru: ile ya pili niliichezea Mbeya kwa shemeji yangu, wakawa wamempa bunduki, na ya tatu wakampa wenzake watatu wasionyamaza, kisha kampuni ikakaa kimya miaka mingi na sikushangaa. Hii imemrudisha jumbani, peke yake, na taa yake. Lakini kwenye kona ya kioo wameweka ramani ndogo, na juu yake kidoa chekundu kinatembea. "Ndiye huyo," alisema Zuhura kwa furaha, "siku hizi unamwona aliko!" Nilimwuliza kinazimwaje. Akatafuta akashindwa. Tukacheza hivyohivyo, mimi nikitazama kidoa badala ya kusikiliza, na baada ya muda nikagundua kuwa funguo zake zilikuwa zinalia wakati wote na sikuwa nimezisikia. Mgongo wangu ulikuwa umeachana na ukuta.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya masika, mchana. Majirani wote walikuwa wamekwenda kuzika kijiji cha pili, na mama mkwe alikuwa pamoja nao. Nilibaki kwa sababu ya tumbo. Baba mkwe alikuwa amekwenda pia, lakini mvua ilipoanza alirudi awatoe mbuzi kwenye kamba, akapitia nao mgombani akate mkungu mmoja wa kupikia waombolezaji. Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikasikia kikohozi upande wa bondeni, karibu kuliko kawaida. Niliacha kisu palepale nikatoka kwa nyuma, nikaingia kwenye migomba, nikageuza uso, nikasubiri apite. Hakupita. Akakohoa tena. Nikafikiri bado niko kwenye njia yake, nikasogea mbali zaidi. Kimya, mvua tu juu ya majani. Akakohoa mara nyingine, kikohozi chembamba, nami nikafikiri: mbona hatosheki, anataka niende wapi? Nikasogea tena, mpaka kwenye ukingo wa shamba, nikajifunika kitenge kichwani. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani, mimi nikimkimbia kwa heshima, yeye akiniita kwa kitu pekee alichoruhusiwa kuniitia.

Kisha nikamsikia anaongea. Hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anaongea na mbuzi. "Wewe mbusi," alisema kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, sauti inakatikakatika, "kama mwenye jiko yupo, mwambie panga limenikata mguu. Mwambie aite watu. Halaka, mbusi." Nilikimbilia njiani nikapiga yowe. Nilipiga mpaka koo likauma, na hakuna aliyeitika, kijiji kizima kilikuwa makaburini. Nikarudi. Nilirudi kinyumenyume. Sicheki ninapoandika hivi, ingawa Zuhura alicheka mpaka akajishika mbavu nilipomsimulia: nilishuka kile kilima cha matope kwa kutembea kinyumenyume, mkono mmoja tumboni, nikishika mgomba baada ya mgomba, nikifuata sauti ya mbuzi. Nilipokanyaga maji yenye uvuguvugu nikajua nimefika. Nikavua kitenge, nikakitupa nyuma ya bega. "Mbuzi," nikasema, maana sikujua nimwiteje, "mwambie afunge juu ya kidonda, akaze." Nilimsikia akihangaika nacho. Nilisikia meno yakigongana. "Mbusi," alisema, "mikono imekataa."

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio; huo msemo nimeishi nao. Niliwaza mtoto wangu, na nitasema wazi kwamba niliwaza kuondoka. Nilimwaza huyo mtoto mwenye macho ndani yangu. Halafu nikageuka, kwa sababu damu ilikuwa inapita kati ya vidole vyangu vya miguu na sikuweza kuivumilia. Alikuwa amejifunika koti kichwani ili nisimwone. Nilipiga magoti, nikashika mguu wa baba mkwe wangu kwa mikono yangu, nikazungusha kitenge juu ya kidonda, nikaingiza kijiti na kukizungusha kama tulivyofundishwa shuleni. Alipojikunja kwa maumivu koti likaanguka. Nikamwona. Alikuwa mzee mwenye umbo dogo kuliko nilivyomdhania, kidevu chake kinatetemeka, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayesubiri sindano. "Mama, geuka," alisema, na sasa hakumwambia mbuzi. "Nakuomba, geuka. Kila siku naulisa uko wapi nisije nikakukuta tena. Nasunguka mbali. Yule wa kwanza mimi ndiye niliyemwua, sikukohoa visuli. Usinitasame, mama, utampotesa na huyu."

Sikugeuka, kwa sababu nikiachia kijiti damu ingerudi. Nililia nikiwa nimekishika. Nilimwambia asifumbue macho tu, mimi nitatazama mgomba, naye hakuyafumbua, na tukakaa hivyo kwenye mvua, mimi na mtu niliyemkimbia mwaka mzima, kila mmoja akitetemeka kwa ajili ya mwenzake, mpaka watu waliporudi kutoka mazikoni na kumbeba kwa machela hadi hospitali.

Alipona, akawa anachechemea. Lakini msidhani hofu yangu iliishia hapo. Hapo ndipo iliponenepa. Nilimweleza mama mkwe kila kitu jioni ileile. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, akasema "Ndaga," yaani asante, mara moja, kisha akainuka akaweka maji ya moto jikoni kama alivyofanya mara ya kwanza. Alikuwa anajiandaa. Kila asubuhi aliniangalia usoni kabla ya kunisalimia. Kila tumbo lilipokaza nilisimama nilipo, ndoo kichwani, nikahesabu pumzi. Nilimwamini daktari na nilimwamini mama mkwe, wote wawili kwa wakati mmoja, na mtu yeyote wa Rungwe atakuambia hilo linawezekana. Kwa Zuhura sikwenda tena. Funguo za Mwenye Nyumba nisingezivumilia. Usiku nilimwota mtoto asiye na uso. Baba mkwe alirudi kutoka hospitali, na kikohozi chake sasa kilianzia mbali sana, kule barabarani, kikaja kikijirudia njia yote kama mtu anayeomba radhi.

Bupe alizaliwa mvua za vuli zilipokaribia, mzima, amekunja ngumi, analia kuliko watoto wote wa wodi. Mama mkwe alimpokea, akamgeuza huku na huku, akamfunua macho kwa kidole gumba, akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akaketi chini sakafuni pa hospitali, mwanamke mzima wa heshima, akalia kwa sauti. Nilipomwona analia ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile yeye pia hakuwa amelala.

Zuhura, tukirudi kwenye gemu, alifika pale ambapo hatukuwahi kufika. Chumba cha mwisho, maji mpaka kifuani. Kidoa chekundu kikasimama, Dada Taa akainua taa, na Mwenye Nyumba akageuka. Wamempa uso. Meno ya safu mbili, macho ya moto, ngozi inayodondoka. Zuhura alipiga kelele akaniangukia, halafu akacheka, na mimi nilikaa nikilitazama dubwana lile nikagundua kuwa siogopi hata kidogo, na hilo likanihuzunisha. Akaniuliza, haya mama pembejeo, hukumu yako? Nikamwambia ni gemu nzuri, kijana wako ataipenda, picha zake hazina mfano, na waliotengeneza hawajawahi kumwona kwa karibu mtu waliyemwogopa. Zuhura hakucheka tena. Alizima mashine, akaenda kuchemsha chai.

Nikamsimulia basi mazishi, ambayo yeye hakuyawahi. Watu walipita mmoja mmoja kuaga mwili, na zamu yangu ilipofika Bupe alinishika kiwiko, mtu mzima sasa, ananipita kimo. Shangazi mmoja mzee wa ukoo akaniinamia sikioni. "Leo unaweza kumtazama, nkamwana," alisema. "Ameshamaliza, hana neno tena." Nilifika kwenye jeneza, nikavuta khanga, nikafunika uso wangu, nikapita. Wazee walinisifu uani kwamba bado wapo wanawake wanaojua adabu, nami sikuwasahihisha. Uso ule niliuona mara moja tu, ukiniogopea mimi na mwanangu, na niliogopa kuukuta haumwogopei mtu yeyote tena.